Shule Moja Kubwa, au Shule Ndogo Karibu na Watu?



Msimu wa mpunga ufikapo katika bonde la Kilombero, nyumba nyingi za Mofu na za vijiji jirani hubaki karibu tupu. Jamaa huhamia mashambani, mbali na kijiji, wakakaa katika madungu na vibanda vya nyasi mpaka mavuno. Mpunga wataka watu wa kupalilia, wa kuamia ndege na wa kufukuza nguruwe mwitu. Lakini shule haihami, yabaki kijijini. Hapo baba na mama huingia katika shauri gumu. Wamchukue mtoto wao wa miaka saba shambani, akose masomo miezi mingi? Au wamwache kijijini pamoja na dada yake wa miaka kumi na miwili, wasome bila mzazi wa kuwapikia wala kuwalinda?

Shauri hilo latufungulia somo la leo, ambalo lazihusu jamaa nyingi za nchi yetu: je, yafaa shule ndogo za msingi ziunganishwe ziwe moja kubwa, au zibaki ndogo karibu na watu?

Tulikotoka

Jambo hili si geni. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walipoanza kazi katika nchi ya Mahenge mwaka 1921, elimu ya vijijini ilitegemea sana makatekista. Katekista alikusanya watoto katika banda la miti na nyasi, akawafundisha dini, kusoma na kuandika. Shule hizo zilikuwa maskini, lakini zilikuwa karibu. Katika miaka ya 1950, mtoto aliyemaliza darasa la nne na kufaulu ilimpasa kwenda shule ya kati, ambayo mara nyingi ilikuwa mbali na kwao. Wachache tu walipata nafasi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule za misioni mikononi mwa Serikali. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, wananchi wakahamishiwa katika vijiji, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Hapo shule haikuwafuata watu; watu ndio walioletwa penye shule. Tusilidharau tendo hilo, maana watoto wengi mno waliingia darasani ambao wangebaki wajinga. Lakini nyumba huhamishika, na shamba la mpunga halihamishiki. Wengi walijenga kijijini wakaendelea kulima kule kule bondeni. Ndiyo sababu shauri tulilolitaja halijaisha.

Faida za kuunganisha

Tuseme kijiji kimoja kina watoto 120 na walimu watatu, na kingine kina watoto 80 na walimu wawili. Katika shule ile ya pili, mwalimu mmoja huchukua madarasa matatu au zaidi. Mwenziwe akiugua, au akienda mjini kwa shughuli za mshahara, shule yote humwangukia yeye. Tukiziunganisha, twapata watoto 200 na walimu watano. Ni watoto 40 kwa kila mwalimu, kama ilivyokuwa kwanza, na ni chini ya kipimo cha Serikali cha watoto 45. Lililobadilika ni mgawanyo wa kazi. Sasa anayejua hesabu aweza kufundisha hesabu, na anayejua Kiingereza aweza kufundisha Kiingereza. Maabadi, kisima, vyoo na nyumba za walimu hujengwa mahali pamoja. Mkaguzi naye hufika mara nyingi zaidi.

Faida hizo ni za kweli. Mzazi asiyetaka kuzisikia hamtendei haki mtoto wake.

Gharama isiyoandikwa

Lakini yako matumizi yasiyoonekana katika daftari la ofisi, kwa maana hulipwa kwa miguu ya mtoto. Tuseme shule mpya iko kilometa 5 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni kilometa 10. Mwaka wa masomo una siku 194. Basi mtoto huyo atatembea kilometa 1,940 kwa mwaka. Reli ya TAZARA, ipitayo katika bonde hili hili, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia, ina urefu wa kilometa 1,860. Twamtaka mtoto wa darasa la kwanza atembee kuipita reli yote kila mwaka, na mara nyingi tumboni hana kitu.

Zaidi ya hayo, njia ya bondeni haina urefu mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Agosti ni vumbi. Mwezi wa Aprili maji ya mto hutanda mbugani, na njia ya saa moja huwa ya mtumbwi au haipitiki kabisa. Kwa msichana aliyekua, njia ndefu ya peke yake ina hatari nyingine ambazo kila mama azijua. Na mzazi aliye mbali na shule haendi mkutanoni, hamjui mwalimu, wala hajui kama mwanawe alifika darasani au aliishia njiani.

Mataifa mengine yatufunza

Marekani iliunganisha shule zake kwa bidii kubwa. Maeneo ya usimamizi wa shule yaliyozidi 117,000 mwaka 1940 yalibaki karibu 18,000 mwaka 1970. Lakini huko mabasi yaliwabeba watoto, na barabara zilipitika. Uchina ilianza mwaka 2001 kufunga shule ndogo za mashambani. Mwaka 2012 Serikali yake ikaamuru jambo hilo lisimamishwe, maana safari za watoto zilikuwa ndefu mno na malalamiko ya wazazi yalizidi. Kolombia ilishika njia nyingine tangu mwaka 1975: ilizitunza shule ndogo, ikawafundisha walimu namna ya kuongoza madarasa kadhaa katika chumba kimoja, ikawapa na vitabu vya kazi hiyo.

Hukumu yetu

Twaona kwamba umri wa mtoto na hali ya njia ndivyo vitakavyoamua. Watoto wa madarasa ya chini wasome karibu na nyumbani. Wa madarasa ya juu, walio na nguvu za kutembea na wanaohitaji walimu wa masomo mbalimbali, wakusanywe pamoja. Shule shikizi zimewekwa kwa kusudi hilo hilo, chini ya ulezi wa shule mama. Mwaka 2021 Serikali ilipanga kujenga vyumba 15,000 vya madarasa, na katika hivyo 3,000 vilikuwa vya shule shikizi.

Lakini tusidanganyike. Shule iliyo karibu isiyo na mwalimu ni banda tupu, na mtoto aliyeketi humo siku nzima bila somo ameibiwa kuliko yule aliyetembea mbali akafundishwa. Kwa hiyo anayedai shule ndogo sharti adai pia nyumba ya mwalimu, naye awe tayari kufyatua matofali. Vivyo hivyo anayetaka kuunganisha sharti aonyeshe kwanza daraja, chakula cha mchana na, panapohitajika, bweni lenye mlezi mwaminifu.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Walezi wa kwanza hawangoji kuambiwa shauri likiisha kukatwa. Basi kabla ya mkutano wa kijiji, baba na mama na waketi pamoja nyumbani, waulizane maswali haya:

1. Njia ya shule imepimwa mwezi gani, Agosti au Aprili?
2. Mtoto wetu mdogo atakula nini, na saa ngapi?
3. Wakati wa mpunga, nani atabaki naye kijijini?
4. Shule ya karibu ikibaki, sisi wenyewe tutafanya nini ili mwalimu asiondoke?

Wenye majibu ya maswali hayo wasimame mkutanoni waseme. Mpunga ukiharibika mwaka huu, twaweza kupanda tena mwakani; lakini mtoto ana miaka saba mara moja tu.