Riboni ya grogreni: kuishona bila nguo kujikunja

Mteja akitaka gauni la mtoto la Jumapili lipambwe pindoni, mafundi wengi hapa Tassia hutoa satini kwa kuwa inang'aa. Mimi hutoa grogreni, ile riboni isiyong'aa yenye matuta membamba yanayoikata kwa upana. Mshindio wake ni mnene kuliko mtande, ndipo matuta yanapotokea, na ndiyo sababu fundo lake halitelezi kama la satini. Gauni hilo litafuliwa kila wiki na kuanikwa juu ya ghorofa, kwenye jua na vumbi. Linahitaji riboni ya kuvumilia. Hata ndani ya kiuno cha sketi, pasipoonekana, naishona ya milimita 25 ili kiuno kisilegee.

Dukani, iwe Biashara Street au Eastleigh, ikwaruze kwa ukucha. Matuta yakihama, iache. Nyumbani, choma kipande kidogo: poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga, pamba huungua ikawa jivu. Ya poliesta, pitisha ncha zake kando ya moto wa mshumaa na hazitachambuka. Ya pamba iloweke, uianike, ndipo uikate, maana hunywea. Nyekundu isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, isikaribie gauni jeupe.

Kazi yenyewe iko kwenye cherehani. Wengi huivuta riboni ili inyooke, na nguo hutoka imejikunja pindo zima. Iache ilale yenyewe. Ipige bandi kwanza, au ibane kwa pini zinazofuata matuta. Shona ukingo mmoja mwanzo hadi mwisho, kata uzi, kisha rudi ulikoanzia ushone ukingo wa pili kuelekea upande uleule. Ukigeuza nguo na kurudi ukishona, kila mshono huvuta upande wake na riboni inapinda katikati.

Shingo ya mviringo usiilazimishie grogreni. Kingo zake zimenyooka, haipindi. Tafuta petershamu ya pamba, ndugu yake mwenye kingo za meno madogo, anayekubali kupindwa kwa pasi ya mvuke. Usipoipata, kata ukanda wa kitambaa kwa hanamu.

Ukimaliza, piga pasi ya moto wa wastani kwa upande wa ndani, juu ya kitambaa cha pamba. Pasi kali huyalaza matuta, na ya poliesta yakishalala hayainuki.