Somo: Tuwasimulie Watoto Hadithi



Tukitembelea vikundi vya mwethya huku Masii na Mwala, mara nyingi tunaulizwa mambo ya mbuzi, mitaro na mikopo. Juzi mama mmoja alituuliza lingine: "Mwalimu ameniambia nimsomee mtoto hadithi. Mimi sikusoma. Sasa mtoto wangu ataachwa nyuma?"

Hapana, mama. Mtoto huanza kusoma kwa masikio. Akisikiza hadithi hupata maneno mengi ambayo hayasikii wakati wa kutumwa maji, na huzoea kukisia yatakayofuata. Siku akishika kitabu, anakutana na maneno anayoyajua. Kwa hivyo simulia, tena kwa Kikamba. Lugha ya nyumbani haimzuii kujua Kiingereza, inampa msingi.

Ngewa tunazo. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango kule Kitui, alizikusanya akazitoa katika kitabu Akamba Stories mwaka 1966. Alikuwa kasisi wa Anglikana na hakuona haya, basi tusiambiwe ati ni mambo ya kishenzi.

Wazazi wengine husema eimu anatisha watoto. Kweli, mtoto mdogo asipelekwe kulala eimu akiwa bado hajashindwa! Lakini katika boma moja tulimsikia mtoto wa miaka 6 akiuliza hadithi ilipokwisha: "Na eimu akija siku ya soko?" Mama akanyamaza. Kumbe siku ya soko mtoto hufungiwa nyumbani peke yake, na hakuwa amewahi kusema anaogopa. Siku hizi anaachwa kwa nyanya yake. Bila eimu, hofu hiyo ingetokea vipi?

Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa gredi ya 4 awasomee wadogo, naye aulize: "Wewe ungefanyaje?" Msiwahubirie kila hadithi, watoto huchoka. Baba naye aache redio kidogo. Kikundi kinaweza kununua vitabu vichache, kuviweka katika sanduku na kuvizungusha nyumba kwa nyumba, kama tunavyozungusha pesa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nani hapa kijijini anajua ngewa nyingi? Mara ya mwisho aliwasimulia watoto lini?
2. Siku ya soko, watoto wetu hubaki na nani?