Mama Anaumwa Bila Homa

*Shangazi, mama yangu ana miaka 72. Mwaka huu alitokwa na mkanda wa jeshi ubavuni. Hajapona sawasawa, akashikwa na nimonia, tena bila homa. Tulishtuka tu alipoanza kuniita jina la marehemu mama mdogo. Majirani wanasema ni mkono wa mtu. Mjomba ameleta chupa ya dawa ya kuongeza kinga, shilingi 80,000. Nimpe? Binti, Tanga.*

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Hapo sioni mkono wa mtu, naona umri.

Baadhi ya askari wa mwili hufundwa kwenye tezi iitwayo thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Tuseme ndiyo jando lao. Jando hilo huanza kunywea mtu anapobalehe, likigeuka mafuta kidogo kidogo, na kwa umri wa mama yako linatoa askari wapya wachache mno. Wakongwe wapo na adui wa zamani wanamkumbuka, ila nao wamechoka.

Ndipo mkanda wa jeshi ulipopatia upenyo. Tetekuwanga ya utotoni hupona, lakini kirusi chake hubaki kimejificha kwenye mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Ulinzi ukilegea, kinashuka na mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, ndiyo maana vipele hushika upande mmoja tu. Mkanda ukirudi, muwahi hospitali: dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Wakati huohuo apimwe sukari na VVU, kwani navyo hudhoofisha kinga.

Chupa ya mjomba iache, kwa adabu. Hakuna dawa ya kunywa inayolirudisha jando lile. Pesa kama hiyo inunue mayai, dagaa na maharage, maana wazee wengi hushindia chai na mkate, na askari hawapigani na njaa. Atembee kila siku hata hadi gengeni, alale vya kutosha, asikae kwenye moshi wa kuni. Muulize daktari kuhusu chanjo ya nimonia. Kwa mzee chanjo haishiki kama kwa kijana, lakini huweza kumwepusha na ugonjwa mkali.

Kubwa kuliko yote ni hilo la homa. Homa ni mbiu ya askari wenyewe. Wakipungua nguvu, mbiu nayo hufifia, na mzee anaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya mkojo huku paji la uso limepoa. Kwake dalili huwa kukataa chakula, kupumua harakaharaka, kuanguka, au kuchanganyikiwa ghafla.

Kwa hiyo siku ukiitwa tena jina la mama mdogo, usihangaike na kipimajoto. Ita bajaji.

Shangazi yako