Redio Izimwe Relini: Kijitabu cha Elimu kwa Madereva, Makondakta na Abiria

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Malalamiko ya abiria kuhusu muziki ndani ya mabasi na daladala yamekuwa mengi. Mama anapiga kelele "shusha!" na konda hasikii, anapitishwa vituo viwili. Mgonjwa anayetoka Muhimbili anakalishwa chini ya spika. Mzee akiomba sauti ipunguzwe, anaambiwa akapande teksi. Ofisi hii imeyapokea malalamiko hayo yote, imeyachambua kwa umakini mkubwa, na matokeo ya kazi hiyo ni kijitabu ulichoshika.

Tunajua yanayovipata vijitabu vyetu stendi. Vingi huishia kufungia karanga. Hiki nacho kifungie karanga ukipenda, lakini usome kwanza sehemu inayohusu reli. Hiyo ndiyo sehemu ambayo madereva wengi huiruka, na hiyo ndiyo inayoua.

KINAMHUSU NANI

Kinamhusu dereva wa basi, daladala, lori, teksi, bajaji, bodaboda na gari binafsi. Ukishika usukani, kinakuhusu. Masharti ya leseni na adhabu yamo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na marekebisho yake. Viwango vya kelele vimo katika Kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Usiseme hukuambiwa.

HATUKATAZI MUZIKI

Wapo watakaosema serikali imekuja kuwanyima hata singeli. Si kweli. Redio ya sauti ya chini haimdhuru dereva aliye macho, na taarifa ya habari au wimbo wa taratibu huwasaidia wengi kuvumilia foleni ya Barabara ya Mandela. Tunachokataa ni sauti inayomfunga dereva masikio, na kusikiliza kunakomhamisha akili barabarani.

Mtangazaji wa mpira anapopandisha sauti dakika ya 89 ya mechi ya watani, dereva mwenye timu yake hayupo tena barabarani. Macho yameelekea mbele, akili iko kwenye eneo la penati. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Akishangilia bao kwa sekunde tatu, amekwenda mita 66 bila dereva.

Simu ni mbaya zaidi, kwa sababu simu hudai majibu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali mara nne hivi zaidi ya asiyeitumia, na kwamba kuongea bila kuishika mkononi hakuleti usalama mkubwa zaidi. Basi kijana wa bodaboda anayesikiliza ujumbe wa sauti wa mteja kupitia spika za masikioni asijidanganye kwamba mikono yake iko huru. Akiziba masikio yote mawili, hasikii lori linalokuja nyuma yake, wala king'ora cha gari la wagonjwa, wala abiria wake anayemsihi apunguze mwendo.

Mawaidha, kaswida na kwaya nazo zimo. Maneno ya Mungu yakifunguliwa kwa sauti ya kupasua spika huzuia honi kusikika sawasawa na nyimbo za klabu. Hoja kwamba maneno ya Mungu yaruhusiwe tumeletewa mara nyingi, na jibu letu halibadiliki.

SIKIO LINALODHANI LINASIKIA

Mtu kiziwi anajua kwamba hasikii, ndiyo maana macho yake hufanya kazi ya ziada na huangalia vioo mara kwa mara. Dereva aliyefungulia muziki mkubwa hana tahadhari hiyo. Anaamini kwamba honi ikipigwa ataisikia. Anaendesha kwa kutegemea sikio ambalo ameshaliziba mwenyewe.

Gari lenyewe pia husema. Pedi za breki nyingi zina kibati kidogo kinacholia pedi zinapokaribia kwisha. Tairi lililopungua upepo hubadili mvumo wake, na beringi iliyochoka hunguruma. Dereva anayeshuka mteremko wa Kitonga huku muziki ukitikisa vioo hatasikia hata kimoja, na kwenye mteremko ule gharama ya kutosikia hulipwa na abiria wote.

HATARI KUU: MAKUTANO YA RELI NA BARABARA

Sehemu hii isome mara mbili.

Treni haina usukani wa kukukwepa, wala haiwezi kusimama kama daladala kituoni. Treni yenye mabehewa ya mzigo huhitaji mamia ya mita ili isimame, na ikiwa nzito na ina mwendo hufika hata kilomita nzima au zaidi. Dereva wa treni akikuona umesimama juu ya reli, alichobaki nacho ni breki ambayo haitawahi, na honi. Honi hiyo ndiyo unayoizima wewe kwa muziki wako.

Fanya hesabu pamoja nasi. Sauti inayosafiri mahali pa wazi hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Honi yenye desibeli 100 ukiwa mita 30 kutoka kwenye treni hubaki na 82 hivi ukiwa mita 240. Vioo vilivyofungwa huipunguza tena. Ndani ya gari kuna injini, kiyoyozi na spika inayopiga desibeli 90. Umebakiwa na nini cha kusikia? Na treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza mita hizo 240 kwa sekunde 14 tu.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaozijua njia za Tabata Relini na Buguruni kwa Mnyamani wameizoea treni kiasi cha kuidharau, hasa tangu treni za abiria wa mjini zilipoanza mwaka 2012. Wengine wanadhani reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imemaliza tatizo. Njia ya SGR imewekewa uzio na barabara hupita juu au chini yake. Reli ya zamani bado inakatiza barabara zenu, na bado ina treni.

Mwezi Novemba 2023 huko Manyoni, mkoani Singida, basi la abiria liligongana na treni kwenye makutano ya reli na barabara, na watu 13 wakapoteza maisha. Msiba huo hatuutaji ili kuitwisha redio lawama. Tunautaja kwa sababu bado kuna madereva wanaosema treni hupita mara moja kwa siku, na leo imeshapita.

HATUA ZA KUFUATA RELINI

1. Ukiona alama ya reli, zima redio. Hatukusema punguza. Zima.

2. Shusha kioo cha dereva, hata kama mvua inanyesha. Waombe abiria wanyamaze kidogo. Konda asigonge bodi wala kupiga mluzi.

3. Simama kabla ya reli, kwenye alama ya kusimama. Pasipo na alama, simama mbali kidogo na reli, pale unapoweza kuona pande zote mbili.

4. Tazama kulia, kushoto, na kulia tena, huku ukisikiliza. Penye kona, vichaka au vibanda vinavyoziba njia, konda ashuke akaangalie.

5. Usivuke mpaka uone nafasi ya gari lako upande wa pili. Anayesimama juu ya reli kwa sababu ya foleni amejiweka mwenyewe njiani.

6. Treni ikishapita, subiri uhakikishe hakuna nyingine inayofuata wala kiberenge. Kiberenge ni kidogo na kelele zake ni chache, lakini uzito wake unatosha kuua.

7. Vuka kwa gia moja bila kubadilisha katikati. Redio iwashwe ukishafika ng'ambo.

Gari likizimika juu ya reli, teremsha abiria wote mara moja. Mizigo iacheni. Ondokeni mbali na reli, mkielekea upande ambao treni inatokea, ili vipande vya gari vikirushwa mbele na treni visiwapate. Kisha piga 112 kuwaarifu polisi.

Tunarudia kwa wale wanaosoma haraka: REDIO IZIMWE RELINI. Kwa wale wanaosoma polepole, pia: REDIO IZIMWE RELINI.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Bila muziki nitasinzia. Nifanyeje?
Muziki hauondoi usingizi, huuficha kwa dakika chache tu. Dereva aliyechoka asimame mahali salama, anywe kahawa na alale dakika 15 hadi 20. Kampuni zinazowanyima madereva nafasi ya kupumzika zijue kwamba jambo hili nalo tunalifuatilia.

Abiria wangu ndio wanaotaka sauti kubwa.
Leseni ni ya kwako. Abiria hawataandamana nawe mahakamani.

Sauti ikifika kiasi gani ni kubwa mno?
Kipimo rahisi ni hiki: kama abiria wa kiti cha nyuma hawezi kuongea na jirani yake bila kupaza sauti, imezidi. Kitaalamu, sauti ya desibeli 85 haishauriwi kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo desibeli 94 ni kwa saa moja tu, na 100 ni kwa dakika 15. Dereva na konda wanaoanza kazi alfajiri na kumaliza usiku hupoteza usikivu wao kidogo kidogo, na usikivu uliopotea kwa namna hii haurudi.

Trafiki mbona hawasemi kitu?
Watasema.

KWA NDUGU ABIRIA

Nauli uliyolipa ni ya kufika salama. Una haki ya kuomba sauti ipunguzwe, na kwenye makutano ya reli una wajibu wa kudai izimwe. Ukijibiwa vibaya, andika namba ya gari, njia na saa, kisha toa taarifa kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya usafiri iliyo karibu. Usiingie kwenye ugomvi, wala usimshike dereva akiwa kwenye mwendo. Mkiwa wengi mnaosema kwa pamoja, konda huelewa haraka.

NENO LA MWISHO

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ofisi hii imetimiza sehemu yake: imeandika, imechapisha na imegawa bure. Kitufe cha redio kiko mkononi mwako, ndugu dereva, na kukizima hakukugharimu hata shilingi moja. Ukiona reli, zima. Atakayepuuza asije baadaye kusema honi haikupigwa.