Barabara ya Kijijini: Tuanze na Maji

Katika vikao vya umma vya bajeti, ombi la barabara huwa lile lile: tuleteeni murram. Kabla ya kuinua mkono, mkazi, tembea barabara yenu siku ya mvua uone maji yanapita wapi.

Kupitisha greda pekee ni bei nafuu, lakini penye udongo mweusi, unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka, kazi hiyo ni ya muda mfupi. Murram nayo husombwa iwapo barabara haina mgongo. Katikati pawe juu: kwa kila mita kuelekea kando, barabara ishuke takriban sentimita 5. Kandoni kuwe na mtaro, na mtaro uwe na michepuko ya kutolea maji. Hapo ndipo penye mvutano, kwa sababu maji hayo huishia katika shamba la mtu. Mzungumzeni naye mapema, kabla ya mwanakandarasi kufika.

Lami hudumu, ila ni ghali mno, na bila mitaro nayo hubanduka.

Fedha zikiwa kidogo, afadhali kutengeneza vizuri mita 50 ambapo gari la wagonjwa hukwama kuliko kuparuza kilomita 5. Kalvati moja yaweza kutosha. Vikundi vya vijana nchini pia hutumia do-nou, mbinu ya Kijapani ya kupanga magunia yaliyojazwa udongo na kuyashindilia.

Kikaoni, taja mahali penyewe: bonde gani, kona gani, na maji yaelekezwe wapi.