Nani Atapika? Somo la Kujiandaa kwa Mafungo

Masomo: Marko 6:30-46, Yohana 13:1-30

Siku zetu tatu za mafungo kule Menengai zimekaribia, na wengi mmeniuliza tutaombea nini na nani atahubiri. Hakuna aliyeniuliza nani atapika. Hapo ndipo ningependa tuanzie.

Soma Marko 6 polepole. Mitume wametoka kuhubiri, wamechoka, watu wanaingia na kutoka mpaka hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita kando, mahali pasipo na watu, wapumzike. Hayo ni mafungo, na aliyeyapanga ni Bwana mwenyewe, kwa hivyo asikwambie mtu ati kujitenga ni uvivu. Sasa angalia vile mambo yalienda. Wamepanda mashua, watu wamewaona, wamekimbia kwa miguu na kufika mbele yao. Mimi ningenung'unika. Yesu aliwahurumia, akawafundisha mpaka jua likaanza kushuka. Wanafunzi walitaka watu waende wakajinunulie chakula, lakini Yesu akawaambia wao ndio wawalishe. Wanaume 5,000, mikate 5, samaki 2. Walioitwa kupumzika ndio walioishia kugawa mikate! Na maombi je? Soma mstari wa 46: baada ya kuwaaga watu, Yesu alipanda mlimani kuomba.

Mara ya mwisho tulipokuwa Menengai, jioni baada ya kufungua, nilimkuta dada mmoja akisugua sufuria. Akaniambia, "Mwalimu, huu ni mwaka wa tatu nakuja mafungo, na sijawahi kusikia mahubiri mpaka mwisho." Alisema akicheka, hakuwa analalamika. Lakini tufikirie: kama wengine wanakutana na Mungu pangoni kwa sababu wengine wamebaki kwa moshi, tumefunga mfungo wa aina gani? Isaya 58 ina jibu, na si jibu tamu.

Yohana 13 inaunganisha mambo haya mawili, kutafakari na kutumika. Kabla ya kugusa beseni, Yohana anatuonyesha kwamba Yesu alijua vizuri alikotoka, anakoenda na mamlaka aliyo nayo. Ndipo akavua vazi akajifunga taulo. Anayejijua mbele za Mungu hasumbuliwi na beseni. Asiyejijua huliogopa, maana cheo ndicho kitu pekee alicho nacho. Luka 22:24 inasema usiku ule ule wanafunzi walibishana nani mkubwa.

Tena Yuda alikuwepo. Anatoka nje kwenye mstari wa 30, miguu ikiwa imekwisha kuoshwa. Kwa hivyo ukiwa peke yako pangoni, usiombee tu kazi na ploti. Mtajie Mungu jina la yule mtu ambaye hungetaka kumpakulia ugali. Kaa na jina hilo. Usiharakishe kusema amina.

Na wewe mama uliyezoea jikoni, Petro anakuhusu. Alikataa kuoshwa, na ikabidi akubali. Kuna watu wanaojua kutoa tu. Wakitumikiwa wanaona haya, wanainuka kwenda kutafuta kazi. Mwaka huu tafadhali kaeni.

Karatasi ya zamu iko kwa mashemasi pale mlangoni. Wazee wa kanisa watashika kuni na maji Ijumaa. Vijana wa kiume wataosha sufuria Jumamosi, na wahubiri wote, nami nikiwemo, tutapakua Jumapili. Kina mama mtaketi mbele, mkiwa na Biblia na daftari. Kila mtu abebe sahani yake na blanketi nzito, kule juu usiku ni baridi. Na kama ugali wa wazee utakuwa mbichi, tutaula hivyo hivyo.