Haki ya Paka Anayeuma Katika Mchezo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.



Somo letu la leo limetoka chumbani kwetu hosteli, hapa Mbale. Mama aliyekuwa akitupikia alihama mji akatuachia paka wake, dume zima, jeupe, ambaye tulimwita Kanzu. Chakula chake hakikutupa tabu. Mabaki ya posho na mukene kidogo vilimtosha. Tabu ilikuwa mchezo. Kila ilipokaribia Magharibi alikimbia juu ya vitanda, akavizia miguu ya wapitao na kurukia mikono yao.

Jioni moja ndugu ninayekaa naye chumbani alikuwa ametoka kutawadha. Kanzu alimrukia mkono, akaukumbatia kwa kucha za mbele, akauuma, huku akiupiga mateke kwa miguu ya nyuma. Damu ikatoka. Ndugu yangu alimrushia ndala ikampata usoni, kisha akaanza kutafuta gunia.

"Leo leo namtupa sokoni," akasema. "Na udhu wangu ameuharibu."

Hapo yalizuka maswali matatu: Udhu umetenguka? Paka huyu alistahili kupigwa? Na je, tunaruhusiwa kumtupa?

1. Udhu, damu na mate ya paka

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, damu inayotoka kwenye jeraha haitengui udhu. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanasema damu ikichuruzika kutoka mahali pake, udhu umetenguka. Hata hivyo damu yenyewe ni najisi, basi ioshwe kabla ya kuswali.

Mate ya paka si najisi. Sahaba Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Mkwewe Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Hadithi hii imo katika Sunan ya Abu Dawud na ya Tirmidhi.

Lakini kutokuwa najisi ni jambo moja, na usalama wa jeraha ni jambo jingine. Meno ya paka ni membamba na huingiza uchafu ndani sana, na paka anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Ukiumwa, au ukiparuliwa hadi damu ikatoka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje mkono uvimbe. Na paka naye apelekwe kwa daktari wa mifugo akachanjwe.

2. Nani alimfundisha kuuma mikono?

Hapa, ndugu zangu, kosa ni langu. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa nikimlaza Kanzu chali, namtikisa tumbo, naye anashika mkono wangu na kuuma. Wageni walicheka, nami nikazidi. Nilipoumia niliuvuta mkono ghafla, na kitu kinachokimbia ndicho hasa paka anachokifukuza. Kwa hiyo nilimfunza kwamba mkono wa mwanadamu ni windo. Mwenzangu aliumwa kwa somo nililolifundisha mimi, na paka akapigwa kwa kosa la mwalimu wake.

Paka huvizia, hukimbiza, huruka, huuma na hupiga mateke. Ndivyo alivyoumbwa kukamata panya. Qur'ani, katika Suratul An'am aya ya 38, inatukumbusha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Umma una desturi zake, na anayeishi nao anapaswa kuzijifunza.

Ama ndala ya usoni: katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kupiga uso na kuuchoma alama. Isitoshe, kipigo hakimfundishi paka. Humtia hofu, na paka mwenye hofu huuma kwa nguvu zaidi.

3. Upole ni kazi, si huruma ya moyoni tu

Katika Sahihi Muslim tunasoma kuwa Bibi Aisha (R.A.) alipanda ngamia mkaidi, akawa anamrudisha nyuma na mbele. Mtume (S.A.W.) alimtaka ashikamane na upole. Angalieni: ngamia alikuwa mgumu kweli, lakini agizo halikwenda kwa ngamia, lilikwenda kwa mpandaji. Mwenye akili ndiye anayetakiwa kubadilika kwanza.

Mchezo wenyewe haukukatazwa. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume (S.A.W.) alimtania kwa ajili yake. Wanazuoni walichukua humo ruhusa ya mtoto kucheza na ndege, mradi asimtese. Basi na sisi tulijipangia mchezo usio na mateso kwa upande wowote:

- Mkono na mguu si vya kuchezea, kwa mtu yeyote chumbani. Mmoja akivunja sharti, paka hataelewa.
- Tumefunga kitambaa kwenye kamba, na kamba kwenye fimbo ndefu. Kitambaa kinakimbia sakafuni kama panya, naye anakifukuza. Mchezo ukiisha kamba inafichwa, kwa sababu akiimeza inaweza kumuua.
- Tunacheza dakika 10 hadi 15 baada ya Alfajiri, na tena kabla ya Magharibi, kwa kuwa nyakati hizo ndizo damu ya paka inapochemka. Mwishoni tunamwacha akamate windo lake, kisha tunampa chakula. Akishiba hujilamba na kulala.
- Akiuma mkono, usiuvute wala usipige kelele. Tulia mpaka aachie, kisha ondoka. Mchezo umekwisha.
- Mkia ukipigapiga, masikio yakilala nyuma, ngozi ya mgongo ikitetemeka, acha kumshika. Huko ni kukuonya kabla hajauma.
- Awe na mahali pake pa kujificha, nasi tumempa boksi chini ya kitanda. Paka mzima aliyehamishwa huhitaji wiki kadhaa kuzoea.

4. Je, tungemtupa?

Sote tunaijua hadithi ya Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mwenzangu alijitetea kwa hadithi hiyo hiyo: "Yule alimfungia. Mimi namfungulia!"

Tulimpelekea ustadhi wetu hoja hii. Alijibu kuwa anayemiliki mnyama ana wajibu wa kumlisha. Akishindwa, ampe au amuuzie mwingine, au amwachie huru mahali anapoweza kujipatia riziki. Kumtia paka wa nyumbani katika gunia na kumbwaga usiku sokoni asikokujua, kati ya mbwa na magari, si kumwachia huru. Ni kumwangamiza huku mikono yetu ikionekana safi.

Gunia lilirudi jikoni. Ndugu yangu alikwenda kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, nami niliandamana naye kila mara, kwa sababu deni lilikuwa langu. Siku hizi yeye ndiye anayeshika fimbo ya kamba jioni. Kanzu bado ana fujo, na mara mojamoja husahau. Sisi pia husahau.

Ndugu msomaji, kabla hujamhukumu mnyama uliyemchukua, jiulize mikono yako imemfundisha nini. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie upole kwa viumbe Vyake na atusamehe tulipowadhulumu wasioweza kusema. Amin.

Wallahu a'lam.